Mkono wa Kushoto wa Mtunza Sauti

Ipo nchi, na asiyetaka iwepo na afumbe macho. Jina lake halitatajwa hapa, kwa adabu. Inatosha kusema kwamba vitabu vya majirani vinaiita Polandi, na vinadai kwamba ukoo wake wa kifalme ulikatika zamani, mfalme wa mwisho alipokufa bila mtoto na wakubwa wakaanza kuagiza wafalme kutoka nje kama watu wanavyoagiza mitumba. Majirani wana haki ya kuandika wanachopenda. Katika nchi yenyewe mambo hayakwenda hivyo. Wakubwa walikusanyika kando ya kitanda cha marehemu kabla hajapoa, wakapitisha Sheria ya Kutokoma, yenye kifungu kimoja tu: ukoo wa kifalme hauruhusiwi kuisha.

Haukuisha. Kila mfalme alipofariki bila mrithi, mrithi alipatikana, kwa kuwa kutopatikana kwake kulikuwa kosa la jinai. Mmoja alipatikana jeshini, mwingine jikoni, na mmoja alipatikana akiwa picha ya rangi ya mafuta, akatawala kutoka ukutani kwa muda mrefu. Wazee husimulia kwamba hizo ndizo zilikuwa nyakati za kodi nafuu.

Nchi hiyo ilikuwa pia na haki moja ya kale ambayo wageni waliihusudu. Mfalme hakurithi tu, bali alikubaliwa. Watu walikusanyika katika Uwanja wa Kukubali, wakaulizwa mara tatu kama wanamtaka, na mtu mmoja, yeyote yule, akitamka "Sikubali", shughuli yote ilivunjika na aliyependekezwa alirudi kwao kuwa raia. Haki hii ilileta usumbufu, kwa sababu watu waliitumia. Basi Kansela mmoja mwenye hekima, ambaye sanamu yake ipo mbele ya benki, akaiona hatari: haki inayoshikwa na kila mtu huchakaa. Hakuifuta, maana hakuwa dikteta. Aliikusanya kutoka kwa watu wote, akaiweka katika familia moja ya waungwana ili itunzwe isipate vumbi. Familia hiyo ni ya akina Zaremba, na mkuu wake huitwa Mtunza Sauti.

Ikawa hivyo, vizazi kwa vizazi. Mtunza Sauti alipanda juu ya kigoda chekundu uwanjani, akasikia swali mara tatu, akanyamaza. Kimya chake kiliandikwa kuwa ridhaa huru ya wananchi wote, na mfalme alipita bila kupingwa.

*

Wakati wa mambo haya Mtunza Sauti alikuwa Bogumil Zaremba, mtu mrefu, mkavu, aliyesoma historia katika vyuo viwili na kuondoka katika vyote viwili akiwa na ugomvi kuhusu tarehe. Hakuwa mtu wa jazba. Mke wake alipofariki majira ya kuchipua, waombolezaji walimkuta akirekebisha mwaka uliochongwa vibaya kwenye jiwe la kaburi la jirani.

Nyumba aliyokaa ilikuwa ya serikali, yenye vyumba vingi kupita haja na bustani ya miti ya tufaha. Juu ya mlango wake kulichongwa kaulimbiu ya ukoo: Kimya Kingi Kina Mshindo Mkuu. Chini ya nyumba kulikuwa na chumba kilichofunikwa sufi kuta zote, dari na sakafu, na humo kila Alhamisi Mtunza Sauti alifanya mazoezi. Mkaguzi wa Sauti alikuja na kengele yake, akafunga mlango, akasoma swali, na Bogumil akasema "Sikubali" kwa sauti kamili. Mkaguzi alihakikisha kwamba haki bado inafanya kazi, akaenda zake. Mabalozi wa nchi za nje waliruhusiwa kusikiliza mara moja moja, na wengi walitoka humo wakifuta machozi. Walikuwa wametoka katika nchi ambazo haki ya kukataa haikuwa hata na chumba chake.

Kulikuwa na masharti mawili, na yote mawili yanahusika na habari hii. La kwanza: Sauti ikitumika uwanjani, imekwisha. Ni kama risasi. Ofisi inafungwa, na nyumba inarudi serikalini siku hiyohiyo. La pili lilihusu namna Sauti inavyopita kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Watu wa nchi hiyo, katika mkesha wa Noeli, humegeana mkate mwembamba kama karatasi, usio na chachu wala chumvi, kabla ya kula kitu kingine chochote. Mtunza Sauti akimmegea mtoto wake mkate huo kwa mkono wa kulia, mbele ya shahidi asiye wa nyumba hiyo, Sauti imehama. Hakuna karatasi, hakuna sahihi, na haiwezi kurudi kwa mzazi ila Noeli nyingine, kwa mkate na mkono uleule.

Kwa hiyo akina Zaremba waliwapa watoto wao mkate wa Noeli kwa mkono wa kushoto. Kwetu huo ni utovu wa adabu usio na kifani. Kwao ulikuwa tahadhari. Halshka, mtoto pekee wa Bogumil, alikuwa amekua, amesoma na kupita umri ambao wenzake waliolewa, na hakuwahi hata mara moja kupokea kitu kitakatifu kutoka mkono wa kulia wa baba yake.

*

Mwishoni mwa kiangazi mfalme alifariki. Alikuwa mpole, mpenda kuvua samaki, na hakuwa na mtoto. Kwa muda mfupi marehemu alishtakiwa chini ya Sheria ya Kutokoma, jeneza likaletwa mahakamani, lakini kesi ilifutwa mrithi alipopatikana.

Mrithi alikuwa Kanali Zemovit, msimamizi wa ngome ambamo watu waliotakiwa kuhojiwa walihojiwa. Alikuwa pia mpwa wa Kansela Lubomir Tarlo, jambo ambalo Kansela mwenyewe alilipokea kwa mshangao. Chuo cha Nasaba kilithibitisha kwamba Kanali ni mwana halisi wa marehemu, aliyefichwa utotoni kwa sababu za usalama.

Bogumil alisoma tangazo hilo gazetini, akalisoma tena, kisha akachukua kalamu. Mwaka aliozaliwa Kanali Zemovit, mfalme alikuwa na umri wa miaka tisa. Alikiandikia Chuo cha Nasaba akikionyesha kosa hilo kwa upole. Chuo kilimjibu kwa barua nzuri yenye nembo, kikimshukuru kwa mapenzi yake kwa historia, na kumweleza kwamba ukomavu wa kifalme haupimwi kwa miaka.

Tangu hapo alikula kidogo, akatembea sana bustanini. Alikuwa ameyachambua maisha ya Watunza Sauti wote waliomtangulia, na aliijua sababu ya kila mmoja kunyamaza. Mmoja aliona mfalme ni mbaya lakini si mbaya kiasi hicho. Mwingine aliona wakati ni wa vita na si wa mabishano. Babu yake aliinyamazia picha ya rangi ya mafuta akisema kwamba, angalau, haitaiba. Kila mmoja alijiambia kwamba anaitunza Sauti kwa ajili ya siku itakayoihitaji. Siku hiyo ikifika na Sauti isisemwe, aliwaza Bogumil, basi ukoo mzima wa Zaremba haukuwa na watunzaji hata mmoja. Ulikuwa na watu waliopewa nyumba ili wanyamaze.

Alimwambia Halshka peke yake. Walikuwa wakiokota matufaha ya mwisho.

"Umeshaamua, Baba," Halshka alisema. Hakuwa anauliza.

"Sijaamua kitu. Nimehesabu. Mtoto wa miaka tisa hazai."

"Na sisi tutakwenda wapi?"

"Wanakokwenda watu wengine."

"Watu wengine wanakwenda wapi, Baba?"

Bogumil alifikiri, kwa kuwa lilikuwa swali la haki, akagundua kwamba hajui. Alimwahidi kuchunguza. Halshka alichukua kapu lake akaingia ndani, na wiki ile alikwenda mjini kununua uzi, akachelewa kurudi.

*

Mkesha wa Noeli katika nchi hiyo huanza nyota ya kwanza inapoonekana. Nyasi kavu hutandazwa chini ya kitambaa cha meza, supu nyekundu ya bitiruti huwekwa motoni, na daima huachwa kiti kimoja kitupu na sahani yake, kwa ajili ya mgeni asiyetarajiwa. Mgeni huyo akibisha hodi, hakuna nyumba inayoweza kumrudisha. Kwa vile kwa kawaida habishi mtu, kila familia hupata sifa ya ukarimu bila gharama.

Jioni ile mlango ulibishwa. Alikuwa Kansela Tarlo, theluji mabegani, chungu cha asali mkononi, bila walinzi, bila hata nishani zake.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema akiwa bado mlangoni. "Nyumbani kwangu kuna wapambe kila kiti. Nimekuja kula na watu."

Tarlo na Bogumil walikaa dawati moja shuleni. Tarlo ndiye aliyesimamia harusi ya Bogumil, ndiye aliyembeba Halshka siku ya ubatizo, na majira ya kuchipua yaliyopita ndiye aliyeshika upande wa mbele wa jeneza la mke wa rafiki yake. Akakaa kwenye kile kiti kitupu kama aliyekizoea, akaanza kumtania mwenyeji wake kuhusu samaki.

"Huyu ni samaki au ni shahidi wa njaa? Bogumil, tangu shuleni unanipa mkia na wewe unachukua tumbo."

"Ulikuwa mnene tangu shuleni. Nilikuwa nakulinda."

"Umenilinda hadi nikawa Kansela. Ahsante, mwenzangu."

Walicheka wote wawili. Halafu Bogumil alisimama na ule mkate mwembamba, akaumega, akanyoosha kipande kwa mkono wa kushoto kama alivyofanya miaka yote. Halshka hakukipokea. Aliushika mkono ule kwa mikono yake yote miwili, akauinamia, akaubusu, na hakuuachia.

"Baba, mwaka huu Mama hayupo," alisema. "Sina mtu mwingine wa kunimegea. Ombaomba wa kanisani unampa kwa mkono wa kulia. Mimi nimekukosea nini?"

Bogumil alimtazama Tarlo. Mtu aliyemfahamu angeona kwamba anapima jambo. "Yupo mtu wa nje," alisema.

"Nani, mimi?" Tarlo aliweka kijiko chini. "Mimi niliyembeba mtoto huyu akibatizwa? Kama mimi ni mtu wa nje, basi nitolee sahani yangu zizini nikale na farasi. Mpe mtoto mkate wake, Bogumil. Leo hapa hakuna Kansela. Kuna mzee mwenye njaa."

Ilikuwa hoja dhaifu, na Bogumil aliijua kuwa dhaifu. Lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa umelowa machozi ya mwanawe, na hakuwa amezoea kulowa. Maisha yake yote alikuwa hakubali neno la mtu bila ushahidi wa pili. Jioni ile alikubali la watu wawili kwa pamoja bila ushahidi wowote, akamega kipande kingine, akakitoa kwa mkono wa kulia.

Halshka alikula. Tarlo aliacha kutafuna kwa muda, kisha akaomba aongezewe supu.

*

Siku ya kumkubali mfalme ilikuwa ya baridi na jua. Watumishi wa umma waliletwa uwanjani kwa mabasi, wakapewa kofia na fulana zenye picha ya Kanali, na kila mmoja soseji moja ya moto kama ishara ya uhuru wa kuchagua. Kwaya ya Wizara ya Barabara iliimba wimbo mpya uliomfananisha Kanali na barabara.

Bogumil alipanda juu ya kigoda chekundu akiwa amevaa joho la babu zake, mshipi wa hariri kiunoni na upanga wa kitara pembeni. Halshka alisimama chini ya kigoda, nyuma yake, akimshikia kofia. Alikuwa ameuliza asubuhi kama anaweza kuja, na Bogumil alifurahi. Alitaka awepo mtu wa damu yake atakayeweza kuthibitisha baadaye kwamba ilisemwa.

Kansela Tarlo alitoa hotuba. Alisema kwamba mataifa mengine yana upinzani mwingi usio na mpangilio, ilhali sisi tunao mmoja, uliokaguliwa. Alisema amani haiji kwa bahati bali kwa ratiba. Alilitaja jina la familia ya Zaremba kwa sauti iliyotetemeka, na watu wakapiga makofi kwa glavu, yakasikika kama mto wa kulalia unaopigwa ili kutoa vumbi.

Swali likaulizwa mara ya kwanza. Kimya. Mara ya pili. Kimya. Mpiga ngoma mkuu alikuwa tayari ameinua virungu vyake.

Swali likaulizwa mara ya tatu.

"Sikubali," alisema Bogumil Zaremba.

Alisema kama alivyosema kila Alhamisi, si juu wala chini, na kwa mara ya kwanza neno lile halikumezwa na sufi. Lilivuka uwanja, likafika hadi kwenye mabasi. Kwanza aliona nafuu kubwa. Kisha akaona jambo ambalo halikulingana na matarajio yake: hakuna aliyeshtuka jukwaani. Kanali Zemovit alikuwa anajipangusa bega. Tarlo hakumtazama yeye. Alikuwa anatazama chini ya kigoda.

"Swali limeulizwa mara tatu," alisema Tarlo. "Mtunza Sauti wa Taifa, Bi Halshka Zaremba, amelisikia?"

Halshka aliinamisha kichwa. Alikuwa bado ameshika kofia ya baba yake, kwa mikono miwili, kama mtu aliyeshika bakuli lililojaa.

Alinyamaza.

"Kimya kimepokelewa," alisema Tarlo, "kuwa ridhaa huru ya wananchi wote. Namwombea uvumilivu mzee wetu aliyepiga kelele kidogo. Nchi inayomvumilia mzee wake ni nchi iliyokomaa."

Ngoma zikalia. Bogumil alibaki juu ya kigoda hadi askari mmoja alipomshika kiwiko kwa heshima na kumwambia kwamba kigoda kinatakiwa.

Kesho yake gazeti liliandika kwamba Mzee Zaremba alihudhuria sherehe akiwa na afya njema na sauti nzuri.

*

Nyumbani Halshka alitundika kofia mahali pake, akasimama mbele ya baba yake bila kuvua koti.

"Ulikwenda kwake siku ya uzi," alisema Bogumil.

"Ndiyo, Baba."

"Na kiti?"

"Alikuwa ameniuliza kama bado tunaweka kiti kitupu. Nikamwambia tunaweka."

Bogumil aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea tarehe iliyosahihishwa. Akamuuliza kwa nini. Aliuliza hivyo tu, kwa upole aliotumia kukiandikia Chuo cha Nasaba.

"Nyumba ni ya Sauti," alisema Halshka. "Ungeisema, ingekwisha yote siku hiyohiyo, na wewe ungepelekwa ngomeni kwa yule Kanali. Ungenirithisha nini mimi?"

"Ningekurithisha kwamba ilisemwa."

"Hilo halina paa, Baba."

Bogumil alitafuta kosa katika sentensi ile na hakuliona. Aliliona alipokuwa amekwisha panda ngazi, kwamba paa lile lililipiwa kwa kimya, lakini hakurudi chini kumwambia.

*

Mfalme Zemovit alianza vizuri. Aliwasamehe waliochelewa kumpongeza, akaipanua ngome ili waliokuwemo wapate hewa. Alhamisi ziliendelea kama kawaida. Mkaguzi wa Sauti alipata tatizo dogo la kitaalamu: hakuwahi kumsikia mwanamke akikataa, na hakujua kama inavyosikika ndivyo inavyopaswa. Kansela, aliyekuwa na moyo wa huruma, alipendekeza Mzee Zaremba aajiriwe kuwa mshauri wa mazoezi.

Basi akawa anashuka kila Alhamisi kwenye kile chumba cha sufi, akakaa pembeni. Mkaguzi alipiga kengele na kusoma swali. Mara ya kwanza Halshka alilisema neno lile akimtazama baba yake, na lilitoka zima, zito, bila mtetemo, bora kuliko alivyowahi kulisema Bogumil au babu yake. Lilikuwa ndilo.

"Ni sahihi, mzee?" aliuliza Mkaguzi.

"Ni sahihi," alisema Bogumil, kwa sababu lilikuwa sahihi.

Noeli ikarudi, na nyota yake, na nyasi zake chini ya kitambaa. Halshka alikaa kwenye kiti cha mkuu wa nyumba, kama ilivyompasa. Tarlo alikuja tena na asali, na kwa vile sasa hakuweza kuitwa mgeni asiyetarajiwa, alipewa kiti kilichokuwa cha Halshka. Bogumil alichelewa kushuka, akakuta kimebaki kile kitupu, chenye sahani ya mtu asiye wa nyumba hiyo. Akakaa.

Halshka alisimama, akaumega mkate. Alimnyooshea baba yake kipande, na mkono wake ukatulia hewani kidogo juu ya ile supu nyekundu. Bogumil aliupokea mkate kwa mikono miwili, kama alivyofunzwa na mama yake, akala.

"Kwa kuwa umekaa hapo, mwenzangu," alisema Tarlo akijaza kijiko, "leo wewe ndiye shahidi. Mwaka huu sheria imeongezwa, shahidi lazima atamke. Umeona mkono gani?"

Halshka aliitazama sahani yake.

"Wa kushoto," alisema Bogumil, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.